Karoti za Eldbjørg

Lyngvær, 12 Oktoba

Kaka Torgeir,

Matufaha yamefika. Nils wa kwenye feri aliyashusha kreti moja moja huku akiniuliza kama umeamua kuhamishia shamba zima huku kaskazini, nikamjibu kwamba kaka yangu hajui kutuma kidogo. Ahsante sana. Wazee wameyafurahia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu zetu unazijua. Mimi napiga kelele, wewe unajibu swali ambalo sikukuuliza, na mwisho kila mtu anakata akiwa amenuna. Vaa vile vifaa vya masikioni, Torgeir, havikununuliwa vikae kabatini.

Habari kubwa ni kwamba manispaa imetukubalia. Msimu huu wote wa baridi jiko la nyumba ya wazee litapika lenyewe, kwa vyakula vya hapa hapa. Chochote kinachoingia sufuriani lazima kitoke mahali ambapo feri yetu inaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Yaani kondoo wa hapa, samaki wa hapa, viazi, kabichi, na karoti za Eldbjørg wa kisiwa cha pili. Februari atakuja bibi mmoja wa manispaa, Ragnvei Bakkland, kuonja na kuuliza maswali, halafu baraza litapiga kura. Tukishindwa, jiko linafungwa. Tutaletewa chakula cha trei kutoka jiko kubwa la kusini, kilichopikwa wiki iliyopita na kusafirishwa kwa lori siku nzima, na kazi yetu sisi wapishi itakuwa kutoboa plastiki kwa uma na kupasha moto.

Unajua maana yake kwa mama, anayeishi humu humu. Ulikuwepo wakati wa Pasaka oveni ilipoharibika tukaletewa hizo trei. Uliona mwenyewe alivyozisukuma pembeni na kukaa na njaa, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayesubiri wenye nyumba walete chakula chenyewe. Majina yetu yanampotea, lakini samaki wa upepo, wale wa kukaushwa nje, na karoti za maziwa anavitambua kabla sahani haijatua mezani.

Kuhusu kile kitanda ulichompatia kwenye nyumba ya wazee ya huko kwenu, nimesoma barua yako mara mbili nikaifungia kwenye droo. Usiwajibu bado. Nipe msimu huu tu.

Wako,
Solfrid


Hardanger, 26 Oktoba

Mdogo wangu Solfrid,

Kwa hiyo sasa chakula chenu kinaulizwa kilikotoka kama mtu anayevuka mpaka. Nakupongeza. Hapa kijijini kwetu nako mtindo huo umeingia, kila mkahawa umeandika ubaoni jina la ng'ombe aliyetoa maziwa. Swali langu ni moja tu: kahawa nayo mmeanza kuilima Lyngvær? Maana nikikumbuka vizuri, wazee wa kwetu bila kahawa ya saa tano wanaweza kuchoma nyumba.

Sikucheki sana. Nakuelewa. Ila nawe nielewe mimi. Chumba walichonipatia kwa ajili ya mama kina dirisha linalotazama maji, na nitakuwa namwona kila siku badala ya mara mbili kwa mwaka. Wamenipa hadi mwisho wa Februari niseme ndiyo au hapana. Jiko lenu likifungwa, nitasema ndiyo, na sitataka tugombane tena juu ya hilo. Siwezi kukaa huku nikijua mama analala njaa kwa sababu ya ubishi wetu.

Unaniambia kilomita, kilomita. Na mimi nimekaa mbali na mama kilomita hizo hizo miaka yote, hakuna aliyenipimia.

Niambie, walipenda yapi zaidi, yale mekundu au yale ya manjano yenye ukakasi? Yale ya manjano ni ya mti aliokuja kuupanda mama mwenyewe mwaka ule nilipooa.

Torgeir


Lyngvær, 20 Novemba

Kaka,

Kahawa imesamehewa. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza na kuwaambia kwamba kama wanataka wazee waandamane na magongo yao, basi wapige marufuku kahawa. Walicheka, ikapita. Kahawa, chumvi na unga wa mkate tu. Vingine vyote ni vya hapa, na gazeti liliandika hivyo, na picha yangu wakaweka, nimevaa aproni na nimefumba macho.

Stoo ya chini ya ardhi nyuma ya nyumba ya wazee, ile ambayo ilikuwa imeachwa kwa panya tangu ujana wetu, tumeisafisha na kuijaza. Viazi upande mmoja, kabichi zimening'inia, na karoti zimepangwa kwenye masanduku hadi juu. Eldbjørg alizileta mwenyewe kwa boti na kukataa kusaidiwa kupakua. Unamjua, amefiwa na mume lakini hajafiwa na mdomo. Aliniambia karoti zake zimelala kwenye udongo baridi na mwanga wa kiangazi kizima, na kwamba nikizichemsha kupita kiasi ataisikia harufu hadi kwake na atakuja.

Torgeir, ni tamu. Mama alikula sahani mbili za karoti za maziwa jana, akafuta ya pili kwa mkate, akaniuliza kama mimi ndiye msichana mpya. Nikamwambia ndiyo. Akasema nisiondoke, maana wasichana wazuri wa jikoni hawakai.

Matufaha yaliisha zamani. Walipenda yote.

Jua tumeliaga rasmi, halitachomoza tena hadi Januari. Nililala vizuri usiku wa jana kwa mara ya kwanza tangu barua yako ya kitanda.

Solfrid


Lyngvær, 9 Januari

Torgeir,

Sikuandika wakati wa Krismasi kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo ungetaka kulisoma.

Karoti zimekuwa chungu. Sizungumzii kuoza wala kunyauka, ukiziangalia ni nzuri, ngumu, rangi yake ile ile. Ukiziuma ni chungu kama dawa. Zilianza polepole katikati ya Desemba, nikadhani ni ulimi wangu. Kisha wazee wakaanza kuziweka pembeni ya sahani. Siku ya Mwaka Mpya mama alitia moja mdomoni, akaitema kiganjani mwake, akanitazama kama mtu aliyemwibia. Tangu siku hiyo anachungulia kila sahani kabla ya kula. Anapungua. Nimemkazia sketi kwa pini.

Nimezimenya, nimezichemsha na kumwaga maji, nimezitia siagi. Hakuna kinachosaidia. Na huku karoti ziko kwenye kila kitu, Torgeir, kwenye supu, kwenye samaki, kwenye nyama ya kondoo. Siruhusiwi kununua nyingine, na hata ningeruhusiwa, zingetoka kusini na mchezo wote ungekuwa umekwisha. Ragnvei anakuja tarehe kumi na tatu Februari.

Nilimpigia Eldbjørg na sikuwa na subira. Nilimwambia amebadilisha mbegu bila kuniambia, ameleta zile za bei rahisi, au ametia kitu shambani. Alinikatia simu bila hata kunitukana. Na sasa hapokei.

Tafadhali usiwajibu wale wa kitanda. Najua naomba sana.

Solfrid


Kisiwa cha pili, 14 Januari

Solfrid,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningesema mengine.

Mbegu ni ile ile. Udongo ni ule ule. Mbolea ni mwani niliouokota mwenyewe ufukweni, kama mama mkwe wangu alivyookota. Nimelima karoti tangu wewe unavaa soksi mbili tofauti shuleni, na hajatokea mtu wa kuniambia nimemlisha sumu.

Zilizobaki kwangu nitawapa kondoo wiki ya mwisho ya mwezi, nahitaji nafasi bandani ya kuweka boti. Masika sitapanda. Mwambie huyo bibi wa manispaa kwamba karoti za visiwa hivi zimekwisha, alete za kwake kwa lori.

Eldbjørg


Hardanger, 20 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamua. Kisha nikakaa, nikanywa kahawa, nikaamua kusubiri. Lakini nakuambia ukweli, Solfrid, unaposema unamkazia mama sketi kwa pini, mimi sioni tena kwa nini tunasubiri. Hapa kuna daktari karibu. Hapa nipo mimi. Chakula kinachotoka mbali anachokula ni bora kuliko cha karibu anachokitema.

Nakuonea huruma kwa jinsi ulivyojitahidi. Nilikutania kwa sababu nakutania tangu ulipozaliwa, si kwa sababu nilitaka ushindwe.

Kuhusu hizo karoti, nimewaza sana. Huku kwetu ni kitu kimoja tu kinachojulikana kugeuza karoti kuwa chungu bila kuziharibu sura, nacho ni matufaha. Yakikaa yanaiva, na yakiiva yanatoa hewa fulani ambayo karoti haziiwezi. Jirani yangu alipoteza zake zote mwaka juzi kwa kuziweka na matufaha chumba kimoja. Hata kabichi zinanuna. Lakini yenu mliyamaliza Oktoba, kwa hiyo hilo halipo, na mimi nimeishiwa. Labda kweli ni mbegu.

Mbusu mama. Mwambie ni mimi.

Torgeir


Lyngvær, 27 Januari

Kaka Torgeir,

Kaa chini.

Matufaha hayakuisha. Hakuna aliyeyala hata moja. Siku ile yalipofika, gazeti lilikuwa limeshatangaza kwamba hatutaweka kitu cha mbali mdomoni mwa mzee yeyote hadi Februari, na watu wa manispaa walikuwa wakipita wakati wowote kuchungulia. Sikuweza kuyagawa. Kuyatupa, nilijaribu kuwaza na sikuweza. Kukuambia yamekaa tu, wewe uliyeyachuma na kuyafunga kwenye gazeti moja moja, hilo nalo lilinishinda. Basi nikayaficha. Nikayapeleka kwenye stoo mwenyewe kwa toroli, nikayapanga ukutani nyuma kabisa, nikayafunika magunia. Halafu nikapanga masanduku ya karoti mbele yake ili yasionekane. Yaani nimeyalaza pamoja kitanda kimoja, Torgeir. Ningetaka kuziua karoti makusudi nisingefanya vizuri zaidi.

Niliposoma barua yako nilikwenda stoo na aproni yangu, bila koti, kwenye theluji. Niliinua gunia, na ile harufu ikanipiga usoni, tamu, ya kwenu, ya nyumba yenu wakati wa mavuno. Nikakaa juu ya viazi nikalia. Baadaye nikaanza kucheka, na msaidizi wangu akaja kuona kama nimerukwa na akili.

Asubuhi nilipanda feri ya kwanza kwenda kwa Eldbjørg. Karoti zake alizojiwekea ziko kwenye banda la boti, ndani ya mchanga, na mle hakuna tufaha wala jamaa yake. Alinifungulia mlango akiwa amekunja mikono. Nilimwambia yote nikiwa nje, hakunikaribisha, na nilimwomba msamaha jinsi unavyopaswa kuombwa, bila lakini. Kisha nikamwomba karoti moja. Aliifukua, akaifuta kwenye suruali, akanipa.

Ni tamu, kaka. Nilisimama pale nikaila yote hadi kikonyo, machozi yananitoka na pua imeganda, na mzigo wote niliobeba tangu Desemba ukashuka nikausikia ukishuka. Alikuwa bado hajawapa kondoo. Boti ilikuwa imegoma kuwaka wiki nzima, kwa hiyo nafasi bandani ilikuwa haijahitajika.

Eldbjørg alinitazama nikimaliza. Akasema, "Ulinitukana juu ya mbegu, na kumbe ulikuwa umeficha bustani nzima ya kaka yako chini ya magunia. Wewe si mwongo, Solfrid, wewe ni mjinga, na mjinga namvumilia." Halafu akaniambia niingie ndani, kahawa inapoa.

Karoti zake nzuri zitakuja wiki ijayo na zitalala mahali pengine kabisa. Zile chungu wanakula kondoo, ambao hawana neno. Matufaha ameyachukua yeye, kama faini, anasema. Nyumba yake haiko chini ya manispaa na anaoka keki.

Nisamehe kwa kukudanganya. Uliyatuma yale matunda umbali wote ule, na mimi nikayatia gizani.

Solfrid


Hardanger, 4 Februari

Solfrid,

Nimecheka hadi mke wangu akaja kutoka zizini. Nikamsomea, akacheka naye, kisha akasema kitu ambacho mimi nilikuwa nakizunguka: kwamba ninatuma matufaha kila mwaka kwa sababu sijui kumtumia mama kitu kingine.

Ndiyo hivyo. Iliniuma kidogo kusikia hayakuliwa, na ingekuwa uongo kukwambia haikuniuma. Lakini iliniuma kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, baada ya hapo nikaona afueni kubwa kiasi kwamba nilikwenda kupogoa miti mitano ambayo haikuhitaji. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ardhi ya kwetu imekufa. Mtu hawezi kujua kiasi gani anaitegemea sehemu aliyoiacha, hadi aambiwe karoti zake ni chungu.

Mwambie Eldbjørg apande masika. Mwambie nimesema mimi, na yeye ataniambia nijali yangu, na hapo utajua atapanda.

Nasubiri tarehe kumi na tatu. Bado sijawajibu watu wa kitanda.

Torgeir


Lyngvær, 25 Februari

Kaka yangu,

Nimesubiri kura ipigwe ndipo nikuandikie, maana sikutaka kukupandisha na kukushusha.

Ragnvei Bakkland alikuja na feri ya asubuhi, bahari ikiwa mbaya. Alishuka amekuwa kijani kwa kichefuchefu, na kalamu yake nadhani ilizama baharini. Tulikuwa tumepika samaki wa upepo kwa mafuta ya nyama iliyokaangwa, viazi, na karoti za maziwa. Nilikuwa nimepanga kumkalisha meza ya mwisho karibu na dirisha, na mzee wetu mmoja, daktari mstaafu anayezungumza vizuri. Nilipogeuka nikakuta ameketi mbele ya mama. Ile ndiyo nafasi aliyoiona kwanza, maskini, alikuwa hajisikii vizuri.

Mama alikuwa bado na ile tabia ya kuchungulia sahani. Nilimpa chake, nikarudi nyuma ya kaunta nikajifanya nafuta vikombe. Aliinama, akanusa. Akachukua karoti kwa uma, akaiweka mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Halafu akafunga macho jinsi anavyofanya, ile namna ya zamani, na akala hadi nusu sahani bila kuinua kichwa.

Kisha akamwona Ragnvei. Yule bibi alikuwa ameshika tama, chakula chake hajakigusa, tumbo bado linamsumbua. Mama akasukuma sahani yake mwenyewe hadi mbele yake, akamwekea uma mkononi, akamwambia, "Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Ragnvei alikula, Torgeir. Kutoka sahani ya mama, yote iliyobaki. Hakuniuliza swali hata moja kati ya yale aliyokuja nayo, isipokuwa kama kuna nyingine. Wakati wa kuondoka alinishika mkono akasema mama yake yuko nyumba ya wazee mjini, anakula trei, na kwamba hajawahi kumwona akimpa mtu chakula chake.

Jana baraza lilipiga kura. Jiko linabaki. Si kwa msimu, linabaki. Eldbjørg alikuwepo ukumbini na alipiga makofi akiwa bado amevaa glavu, kelele yake haikusikika lakini niliiona. Ameagiza mbegu.

Sikuombi kitu tena. Mwezi unaisha, na uamuzi wa kitanda ni wako kama ulivyo wangu. Nakuambia tu kwamba mama ameongezeka, na zile pini nimezitoa.

Solfrid


Hardanger, 3 Machi

Mdogo wangu Solfrid,

Nilivaa vifaa vya masikioni, nikawapigia wale wa nyumba ya wazee hapa, ili nisikie vizuri ninachokisema. Niliwaambia chumba wampe mtu mwingine. Yule dada akaniuliza kama kuna kilichoharibika. Nikamwambia hapana, mama yangu ana mahali pa kula.

Mwaka mzima nimekuwa nikipanga jinsi ya kumleta huku. Nilipokata simu nikakaa jikoni nikajiuliza kwa nini sikuwahi kupanga kwenda mimi. Miti haihitaji mtu hadi mwisho wa Aprili. Nimekata tiketi ya treni, kisha basi, kisha feri ya Nils, ya kwenda tu. Ya kurudi tutaiangalia baadaye.

Niandalie nafasi mbele ya mama. Kama hatanijua, usimwambie mimi ni nani. Aniangalie tu, aone nimetoka mbali, anisukumie sahani.

Torgeir